Kichwa Changu Ndani ya Leso ya Mama Mkwe

Aibu hii nilikuwa nimeapa kwenda nayo kaburini, lakini kwa kuwa mke wangu ameshaisimulia kwao Mtopanga nzima, kisha akaivusha feri mpaka kwetu Shika Adabu, bora niiseme mwenyewe angalau nipunguze chumvi. Naam, ni kweli. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nilikutwa na wazee watatu nimeficha kichwa ndani ya leso ya mama mkwe. Na siku hiyo hata mkwe hakuwa bado, ndio kwanza nilikuwa naomba.

Mimi ni fundi wa friji, nina kibanda changu Changamwe, na kazi ya friji ina kungoja kwingi (unajaza gesi, unaiwasha, unakaa kuona kama itashika baridi), kwa hiyo nikazoea kutazama filamu kwenye simu, hizi mpya za kutisha na zile za anga na mashine zenye akili. Nikimaliza moja narekodi maoni yangu kwa sauti, nawatumia wenzangu kwenye kundi letu la simu, na maoni yenyewe yalikuwa ya moto. "Watu wamesafiri miaka mia kwenda sayari nyingine, kufika tu mmoja avua kofia aonje hewa! Mimi hata maji ya kisima cha jirani huuliza kwanza." Au: "Nyumba ina vyumba kumi, wao ni wawili, wameambiwa kimoja kina shetani, nao wataka kipi? Hicho hicho." Wenzangu walicheka mpaka wakaniita Mwalimu, nami jina likanikaa kichwani.

Sasa siri yenyewe ni kwamba mimi ni mwoga. Filamu ya kwanza ya kutisha niliyojaribu, mlango ulipoanza kulia kwiii nikazima sauti, nikaona kumbe hivi yatazamika vizuri tu, na tangu hapo sikuiwasha tena. Filamu zote nilizozichambua kwa mbwembwe nilizitazama bubu, bila hata maandishi chini, mchana kweupe, jua linawaka na wateja wanapita. Hakuna aliyejua, hata Rehema.

Rehema ndiye niliyekuwa nikimposa. Babake alikuwa amefariki mwaka uliopita, kwa hiyo walii wake wa kumwoza ni Ami Bakari, ndugu wa marehemu, na Ami alikwisha kutuambia waziwazi, "Mimi nitamwoza, lakini neno ni la mamake." Na mamake, Bi Mwanamisi, miezi miwili alikuwa hajasema ndiyo wala la. Rehema alisema tangu marehemu aondoke mama hataki wageni, hatoki, ikifika Jumamosi anafunga mapazia anatazama filamu peke yake. Basi Rehema, kwa kutaka kunisaidia, akamsikilizisha maoni yangu.

Kati ya yote akamsikilizisha lile la filamu ya mashine. Nilikuwa nimesema hivi (nakumbuka neno kwa neno, kwa kuwa nimerudishiwa mara nyingi): "Nyumba ina mashine ukutani, taa yawaka na kuzima, mwanamke amekaa mbele yake analia tu, mwisho watu wanakimbia. Wanakimbia nini? Hiyo ni waya imelegea! Wangeniletea Changamwe ningeitengeneza nusu saa. Haitishi, haina hadithi, msipoteze bando."

Jioni yake Rehema akanipigia. "Mama amekusikia. Asema uje Jumamosi muitazame pamoja, umuoneshe hiyo waya. Na Ami atakuja na wazee baada ya alasiri wasikie neno lake." Hapo, jamani, ndipo mlango wa kutokea ulipokuwa wazi. Ningesema tu kwamba siwezi filamu hizo, yakaisha. Lakini Mwalimu akasema, "Mwambie nitakuja. Filamu ile mimi naitazama huku nala."

Nikaenda na kanzu nyeupe iliyonyooshwa mpaka ikasimama yenyewe. Bi Mwanamisi akanipokea kwa upole, "Marahaba mwanangu, karibu, kaa kitako," akaniweka upande mmoja wa kochi refu, yeye akakaa upande wa pili, amejifunga leso moja na nyingine ameitanda, ya buluu yenye michoro ya korosho. Rehema akaniletea sinia la mahamri na mbaazi za nazi, akaniwekea mapajani. Nikawa naona haya, maana mbele ya mkwe mtu hata maji humpalia.

"Kula," Bi Mwanamisi akasema. "Hapa si ukweni bado."

Wallahi sikujua kama ni utani au onyo. Kisha nikaziona spika. Mbili mbele, ndefu karibu sawa na Rehema, na nyingine mbili ukutani, moja nyuma ya sikio langu. "Za marehemu hizi," akasema, akizigusa kama anayegusa bega la mtu. "Alisema filamu bila sauti ni sawa na mchuzi bila chumvi."

Akawasha. Ndugu zangu, kumbe ile mashine inasema! Filamu nzima ni maneno yake. Imejifunza sauti ya mume aliyekufa, kila jioni yamwita mkewe, yamuuliza amekula nini, yamkumbusha kufunga mlango, na mimi niliwaambia watu eti waya imelegea. Nikaona uso unanichoma.

"Watu wasema filamu za siku hizi zatisha," Bi Mwanamisi akasema, macho kwenye kioo cha runinga. "Mimi naona kwanza zakuliza, ndipo zikutishe pua ikishaziba. Wamwona huyu? Jamaa zake wote wamwambia aizime. Mimi ningekuwa na mashine hii nisingeizima." Akajifuta macho kwa pembe ya leso. "Nilitaka uniambie, mwanangu. Wewe mtu wa kutazama sana. Uliionaje ukasema haina hadithi?"

Nilimhurumia mno, na nilijichukia. Nikafungua kinywa nimwambie ukweli, naapa nilikuwa namwambia, ndipo mashine ikabadilika. Chumba kwenye filamu kikawa giza, kimya, na ile sauti ya mume, ikiwa sasa si ya mume tena, ikalinong'ona jina la mwanamke kutoka spika ya nyuma ya sikio langu.

Sikumbuki kuruka. Nakumbuka mahamri yakiwa hewani. Nakumbuka nikipiga ukelele "Mamaaa, izime!" na mbaazi za moto zikishuka kwenye kanzu, halafu giza la buluu lenye harufu ya udi, na mimi nimetulia humo ndani nashukuru. Sijui ni muda gani ulipita kabla sijafahamu udi ule ulikuwa wa nani.

Nje, Ami Bakari na wazee wawili walikuwa wamepiga hodi mara tatu, waliposikia ukelele wakaingia bila kungoja.

"Mwanamisi!" nikasikia. "Ni nani huyo ndani ya leso yako?"

Nilitamani nibaki humo mpaka Ramadhani. Nikajitoa polepole, mbaazi kwenye ndevu. Wazee wamesimama na viatu mikononi. Rehema alikuwa ameketi sakafuni mlangoni, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka. Nikajua posa imekwisha, maana ni nani atamwoza mtu aliyemshika mama mkwe leso na kumwagia mchuzi?

"Mama, nisamehe," nikasema, na kwa kuwa sikuwa na heshima yoyote iliyobaki ya kulinda, nikatoa lote. "Mimi hutazama nikiwa nimezima sauti. Zote. Mimi mwoga. Leo ndio mara yangu ya kwanza kuisikia mashine ile."

Bi Mwanamisi aliniangalia, akaiangalia leso yake iliyojaa mbaazi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyesahau njia yake, kisha kweli akalia, na Rehema akaacha kucheka akaja kumshika.

"Bakari," akasema alipopata pumzi, "nduguyo alikuwa akifanya hivi hivi. Miaka ishirini na sita alijificha ndani ya leso zangu, mimi namsimulia kinachotokea, halafu aenda barazani kuwahadithia nyinyi kana kwamba hakupepesa jicho."

"Ndugu yangu?" Ami akashangaa. "Yule aliyetucheka sisi kwa woga?"

"Huyo huyo. Mwaka mzima natazama peke yangu, hakuna wa kuogopa kando yangu." Akanigeukia. "Neno mlilolifuata ni hili. Muozeni. Lakini kila Jumamosi aje hapa, na sauti iwashwe."

Wiki ya harusi aliniita chumbani kwake, akafungua kabati, akanipa leso ya buluu ya korosho, pacha wa ile niliyoiharibu (leso, mwajua, hununuliwa mbili). Marehemu ndiye aliyezinunua zote, na hii ilikuwa haijavaliwa tangu msiba. "Chukua yako," akasema, "uniachie yangu." Nikambusu mkono nikatoka.

Kwa hiyo wenzangu mnaouliza Mwalimu amepotelea wapi, mbona hatumi maoni, jibu ndilo hili. Nimeapa sitasema tena neno juu ya filamu niliyoiziba mdomo. Zamani nilikuwa naona bila kusikia, sasa nasikia bila kuona, maana kila Jumamosi mlango ukilia tu mimi niko ndani ya leso yangu, na mama kando yangu ananisimulia taratibu, "Sasa afungua mlango... hakuna kitu, mwanangu... hakuna kitu bado."