Sahani ya viwavi kutoka kwa Mama Riziki

Jamani, nishaurini.

Mwezi uliopita nondo wakubwa, wenye madoa kama macho kwenye mbawa, walitaga mayai kwenye mti wangu wa kivuli hapa Gungu. Wiki hii ni viwavi tupu, weusi, wanene, majani yamekwisha. Jana jioni nikapulizia dawa.

Matawi mengine yamelalia upande wa jirani.

Leo mchana jirani huyo, Mama Riziki, mkimbizi kutoka Kongo, kaniletea sahani imefunikwa. Akaondoka. Nafunua: viwavi wa kukaanga.

Wa mti wangu!

Nilikimbia peku hadi kwake. Wanawe wameshanawa, wamezunguka sinia. Nikalipindua lote.

"Unamwaga chakula cha watoto wangu?"

"Kina sumu, dada! Jana nilipulizia mti!"

Hakuna aliyekuwa ameonja, alhamdulillahi.

Akanitazama, we!

"Kila asubuhi unaniuliza nimeamkaje. Hilo moja ndilo lilikushinda kuniambia?"

Nikainama, nikaanza kuwaokota viwavi chini.

Sahani yake ipo hapa, nimeisugua mpaka basi. Na sahani ya jirani hairudi tupu, mnajua.

Semeni basi: niweke nini ambacho atathubutu kuwalisha wanawe?