Epo Nyekundu na Fungu la Matembele

Nakumbuka siku moja, kabla sijajua hata kuandika jina langu, mjomba alitoka kuuza pamba akaniletea viatu. Vyeusi, vya kamba, na vilikuwa vidogo kwa mguu wangu. Kijijini kwetu, upande wa Magu, watoto wote tulikuwa peku, kwa hiyo viatu vile vilikuwa habari. Jumapili nikavivaa kwenda kanisani, mwendo wa saa nzima. Nusu ya njia kisigino kimeshachubuka, damu inavilowesha ndani. Bibi akaniona ninavyotembea, akauliza, "Vinakubana?" Nikasema havinibani hata kidogo. Nikaimba navyo, nikapiga magoti navyo, nikarudi navyo. Wiki mbili baadaye nilikuwa bado natembea kwa ncha ya mguu kama korongo. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu watu waniangalie miguu.

Mwanangu, unajiuliza viatu vinaingiaje hapa. Vinaingia, nivumilie. Kisigino kilipona, lakini ule ugonjwa wa kutaka kuangaliwa haukupona. Nilikuja nao Mwanza nilipokuwa kijana, nikafungua banda la kutengeneza baiskeli Kirumba, karibu na uwanja wa mpira. Shule sikupata ya maana, ila rimu iliyopinda naijua kwa kuisikiliza tu ikizunguka. Lakini hayo ya baiskeli tuyaache, nikianza hatumalizi.

Nikaoa. Mke wangu, Kabula, alitoka kijiji cha jirani na kwetu. Tulipanga chumba kimoja kule juu mawe yanakopandana, nyumba ya wapangaji sita na ua mmoja wa kupikia. Kabula alikuja na kimfuko cha nsansa, yale majani ya kunde wanayochemsha kwetu na kuanika juani yakauke, uje ule kiangazi. Siku ya kwanza alipoyainjika pale uani, jirani yetu Mama Zaituni, muuza dagaa, mwanamke wa mdomo kweli, akasema, "Heee, fundi wa mjini anakula majani makavu!" Wote wakacheka. Kabula naye alicheka. Mimi sikucheka. Ndani nikamwambia, "Kuanzia leo sitaki kuona majani uani. Si nsansa, si matembele, si mchicha. Watu watasema nimeshindwa kununua samaki."

Akasema, "Haya." Kimfuko akakisukuma chini ya kitanda.

Alipopata mimba nikazidi. Epo ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kuonekana kwenye duka moja la Wahindi kule Nyamagana, kila moja imevishwa karatasi yake kama bibi harusi. Nikawa nanunua. Naziweka kwenye bakuli la kioo dirishani, upande wa njia, na Kabula namwambia akalie kigoda mlangoni anapozila. Ndani alikula ugali na supu ya samaki, samaki mwenyewe nikimaliza mimi, na chai ya rangi juu yake. Wapita njia waliona epo. Mapera yalikuwa yakianguka na kuoza mtaa mzima wa Pasiansi, lakini pera nilikuwa nasema ni tunda la watoto na ndege.

Mimba ilipofika mwezi wa sita Kabula akaanza kuchoka. Akipanda na ndoo ya maji anakaa juu ya jiwe mara tatu. Siku moja nikakuta kwenye pindo la kanga yake vipande vya udongo wa kula, vingi. Nikamtania, "Unataka kujenga?" Akatia kimoja mdomoni, na ulimi wake niliuona mweupe. Kliniki nesi akamfunua kope, akampima, akamwambia damu imepungua sana, na mwanamke akienda kujifungua hivyo anaweza asirudi, yeye na mtoto. Akampa vidonge. Akamuuliza anakula nini. Kabula akanitazama, kisha akasema, "Nakula vizuri, nesi. Mume wangu ananinunulia matunda."

Unasikia hapo? Alinifichia.

Na mimi nilifanya nini? Nilitoka pale moja kwa moja kwenda kununua epo nyingine, kubwa zaidi, nyekundu zaidi. Wengi wetu tuliamini hivyo, na hata leo nawasikia: kitu chekundu kinaongeza damu. Soda nyekundu, juisi nyekundu, mradi iwe nyekundu.

Nikapitia bandani. Nimekaa naifuta epo kwa shati ing'ae, akaingia mzee mmoja Mhaya, mrefu, kofia mkononi, anasukuma baiskeli ya mkwe wake imevunjika spoku. Mzee Kamugisha. Alikuwa amekuja kumsalimia binti yake, na kabla ya kustaafu alikuwa mganga wa zahanati huko kwao Kagera.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyo mgonjwa unayempelekea epo ni nani?"

"Si mgonjwa, mzee. Ni mke wangu, ana mimba. Wamesema damu imepungua, namwongezea."

"Kwa epo?"

"Si unaona ilivyo nyekundu?"

Akanionyesha mlango kwa kofia yake. "Kijana, hata mlango wa banda lako umeupaka nyekundu. Umlambishe basi."

Mafundi wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akavuta kigoda, akaniuliza Kabula amelelewa kwa chakula gani. Nikasema majani, mzee, nimemkataza. Akauliza kwa nini. Nikainama kuifuta epo tena, maana jibu nililiona lilivyo.

Akaichukua ile epo, akaipimapima kiganjani. Akasema, "Hii si mbaya. Ina maji, ina sukari, ina nyuzinyuzi za kusaidia tumbo. Mtu mwenye afya ale afurahi. Lakini madini ya chuma, yanayotengeneza damu, humu ni kidogo mno, hata ukimlisha kikapu kizima. Fungu la matembele linaishinda mbali. Majani yale yana chuma, yana vitamini ya macho, yana ile inayosaidia mtoto akae vizuri tumboni. Nawe umempa mwenzio cha dirishani, cha mwilini ukamnyima."

"Kwa hiyo matunda niyaache, mzee?"

"Nani kasema uyaache? Sikiliza basi. Chuma cha majani kina ukaidi, mwili haukichukui upesi. Ukila pera au chungwa hapo hapo, kinalainika kinaingia. Pera lina vitamini C nyingi, hii epo yako haioni ndani. Chai ya rangi pamoja na chakula ndiyo inayokizuia, anywe baadaye. Majani msiyachemshe mpaka yafe, na maji yake msimwage. Samaki mgawie na nyama yake, si supu tu. Na vidonge vya nesi ameze vyote, chakula hakichukui nafasi ya vidonge." Akasimama. "Baiskeli nitaifuata kesho. Leo una kazi nyingine."

Nilifunga banda mchana kweupe, mwanangu. Nikashuka bondeni kwa wakulima wa matembele, nikanunua mafungu mawili. Njiani nikaokota mapera, mimi fundi mzima, nagombania na watoto. Sikupitia vichochoroni. Nilipanda kwa njia kubwa, majani begani, nikaingia uani wanawake wote wapo, nikakaa chini nikaanza kuchambua na kukata majani.

Mama Zaituni akapiga makofi. "Jamani njooni! Fundi, leo ziwa limekauka?"

Nikasema, "Ziwa lipo, Mama Zaituni. Mke wangu ndiye anayekauka."

Kisha Mama Zaituni huyo huyo akavuta kigoda, akaninyang'anya kisu, "Lete hapa, unakata kama unakata mpira wa tairi." Akayaunga kwa karanga zake. Kabula alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni. Akauliza taratibu, "Hata nsansa zangu nizitoe?" Nikamwambia, "Zitoe." Akaingia ndani, akatoka na kimfuko, na macho yake sitaki kuyasimulia.

Kila siku, miezi mitatu, mvua au jua. Majani, maharage, samaki, pera au chungwa, vidonge. Damu ikapanda pole pole. Kabula alijifungua msichana hospitalini, wakarudi nyumbani wote wawili wazima. Huyo msichana ndiye mama yako.

Sasa wewe mwaka huu unaoa. Nimeona zile juisi za boksi ulizopanga sebuleni kwako, na picha ulizozipiga. Nakuambia, na usinijibu: kabla hujamnunulia mkeo kitu, jiulize kitakwenda kwenye mwili wake au kwenye macho ya watu. Tunda na jani usivipiganishe. Jani lina lake, tunda lina lake, viweke sahani moja. Cha shambani kwetu usikionee aibu. Akikuambia amechoka, amini, mpeleke apimwe. Mungu akujalie nyumba yenye watu wazima na watoto wenye damu, mle mshibe, na asiwepo wa kukufichia aibu yako kwa uhai wake.

Nilikuwa nasahau habari ya baiskeli. Kesho yake Mzee Kamugisha aliifuata. Nilimwonyesha vidole vyangu vilivyokuwa bado kijani, nikamsimulia yote kwa majigambo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na wewe ulikula naye?"

Nikasema hapana, mzee, mimi nilikula samaki, sato, kwa mama lishe. Majani yalikuwa yake, mgonjwa.

"Basi bado," akasema. Akavaa kofia, akaishika baiskeli, akaisukuma kwenda upande wa bandarini. Jioni ile nikala bakuli moja na Kabula. Nikamngoja aje nimwambie. Wiki ikapita, mwezi ukapita, mtoto akazaliwa, kila baiskeli iliyoingia bandani nilikuwa nainua kichwa. Hakurudi tena.