Duka la Maboksi Matupu

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huria, shule za Kiingereza zilichipuka Mwanza kama uyoga. Nami niliacha shule ya serikali karibu na Mirongo, nikaenda kufundisha watoto wa miaka sita kwenye shule mpya, juu ya mawe ya Ilemela. Nilijiona nimefika. Kumbe nilikuwa mjinga tu mwenye chaki mkononi.

Mchezo niliojivunia kuliko yote ulikuwa wa duka. Watoto walileta maboksi na makopo matupu kutoka nyumbani, tukayapanga mezani, mmoja akauza na wengine wakanunua, yote kwa Kiingereza. Sheria niliitunga mimi: atakayeleta vitu vingi kuliko wenzake ndiye mwenye duka. Watoto wa wafanyabiashara walileta maboksi ya biskuti, ya dawa ya meno, ya sabuni za nje ambazo miaka michache nyuma hata sisi wakubwa tulizisikia tu.

Palikuwa na binti mmoja ambaye tangu Januari hakuwa amefungua mdomo darasani. Baba yake, kibarua wa kiwanda cha samaki, alikuwa amefariki. Ada alilipiwa na mjomba. Mama yake alikuwa anaumwa, na mimi sikuuliza anaumwa nini. Asubuhi moja binti huyo akaja na mfuko wa plastiki umejaa vichupa vya sindano na vijiboksi vya vidonge, vyote safi kabisa. Tukahesabu. Alikuwa amewashinda wote.

Karatasi za vichupa vile nilizijua. Kaka yangu alichomwa dawa hiyohiyo ya kifua kikuu hadi tulipomzika, na siku zile mtu akikohoa na kukonda, mtaa haukuuliza mara mbili kama ni ukimwi. Kuzibandua kungenichukua dakika tano. Lakini binti alikwisha kusimama nyuma ya meza. “Good morning, madam. What do you want, please?” aliniambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Nilifurahi hadi machozi yakanilengalenga. Furaha ile bado inaniuma.

Ijumaa wazazi walialikwa kutazama masomo. Mama mmoja, muuguzi, akajifanya mteja, akaokota kichupa, akasoma, akakirudisha taratibu, kisha akafuta vidole kwenye kanga. Muuguzi mzima! Baadaye nikamsikia barazani akiwaambia wenzake, “Mficha maradhi kilio humuumbua. Na watoto wetu wananywea kikombe kimoja na huyu?”

Jumatatu mwenye shule akaniita ofisini. Wazazi walikuwa wametishia kuwahamisha watoto wao iwapo binti yule angebaki.

“Mwalimu, hilo duka ulilifungua wewe,” alisema. “Lifunge wewe.”

Akanipa barua ya kumfukuza nimpelekee mama. Ningeweza kukataa. Nilikuwa na cheti changu, na shule za serikali zilikuwa hazijafungwa. Niliichukua.

Nilimkuta mama huyo nyumbani kwake, juu mlimani kwenye mawe, ameketi juani kwenye mkeka, amevaa sweta, binti yake pembeni.

“Karibu, mwalimu. Pole na kupanda mawe,” alisema. Hata sijakaa vizuri akaendelea, “Vile vichupa nilivichemsha mwenyewe. Humu ndani boksi jingine halipo, siku hizi hatununui kitu zaidi ya dawa. Nikasema, acha na mimi nimchangie mwanangu.”

Nikatoa barua. Ilikuwa ya Kiingereza, kwa sababu mwenye shule hakuruhusu nyingine. Mama hakuifungua, alimpa binti.

“Haya, msomee mama.”

Binti akayatafuta maneno aliyoyajua, akiyagusa kwa kidole moja baada ya jingine: “your”, “child”, “school”. Kila neno mama akapiga makofi, mpaka kikohozi kikamkatisha. Alipotulia akanigeukia.

“Na hayo mengine yanasemaje, mwalimu?”

Nilimwambia shule imefungwa wiki mbili, inapakwa rangi. Akanishukuru kwa kuja mwenyewe. Nikateremka yale mawe mbiombio, nikijichukia.

Wiki mbili zilipokwisha, walikuja. Walikuja kwa miguu, binti na sare iliyopigwa pasi, mama amemwegemea begani. Mlinzi akawazuia getini. Dirisha la darasa langu lilitazama geti, kwa hiyo niliona yote. Mama aliita, “Mwalimu!” Akaita tena. Hakuwa na hasira. Aliita kama mtu anayeamini kuna kosa dogo, na kwamba mimi nikitoka litakwisha.

Watoto wakaanza kugeuza shingo kuelekea dirishani. Nikawaambia wasimame, tuimbe wimbo wa viungo vya mwili, kwa sauti kubwa. Ulipokwisha, nikawaambia tuanze upya.