Tano Kutoa Mbili Nukta Tatu Saba

Mwalimu mkuu aliniambia atatia sahihi barua yangu ya kuachiliwa siku ile Gredi ya Tano itakapojua kutoa desimali. Alisema hivyo akikoroga sukari kwenye chai yake, bila ubaya wowote, kama mtu anayekuambia ungoje mvua ikatike ndipo uende zako. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini siku hiyo nilimeza. Nilihitaji hiyo sahihi.

Nilikuwa nafundisha Boito, kwenye milima ya chai, na mtoto wangu alikuwa kwa mama yangu, kwetu upande wa ziwa. Sikumpeleka huko kwa kupenda. Alizaliwa hapa kwenye baridi, akashikwa na kifua, akapona, akashikwa tena, mpaka daktari akasema mtoto huyu mpelekeni penye joto. Nikampeleka akiwa bado ananyonya. Mama alimpokea akamfunga mgongoni, nami nikarudi kazini na maziwa yakilowesha sweta. Sasa alikuwa anatembea na kuongea, na hayo yote niliyasikia kwenye simu.

Mwalimu akitaka kuhama, njia ya haraka ni kubadilishana. Unatafuta mwenzako aliye kule unakotaka kwenda, naye awe anataka kuja kwako. Kila mmoja anaachiliwa na mkuu wake, mnapishana. Tuna kundi la WhatsApp la kutafutana, na kelele zake ni za soko la mbuzi. Humo nilimpata mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Kiptere, si mbali na Boito, aliyekuwa akifundisha karibu kabisa na kwa mama yangu. Mkuu wake alikuwa ameshamwachilia. Kila Jumapili alinipigia kuniuliza, "Madam, umefika wapi?" Nilikuwa sijafika popote.

Nilikuwa nimekwama kwenye tano kutoa mbili nukta tatu saba. Darasa zima liliandika tatu nukta tatu saba. Wangekosea wawili au watatu ningeelewa, lakini walikosea wote, tena kwa mwandiko safi. Walitoa mbili kwa tano, kisha ile nukta tatu saba wakaishusha chini kama ilivyo. Nilifuta, nikaeleza, nikawaonyesha jinsi ya kupanga nukta chini ya nukta, wakaitikia "Yes, teacher" kwa sauti moja, halafu wakaandika tatu nukta tatu saba. Nilipandisha sauti. Nilipiga meza mpaka kiganja kikaniuma.

Jioni nilirudi nyumbani nikipita katikati ya majani chai. Asiyeishi huku hajui kwamba shamba la chai halikatizwi. Mimea imeshikana kwapa kwa kwapa, na hata kama mlango wako unauona pale, lazima ufuate kijia kinavyotaka, ushuke, uzunguke, upande tena. Wageni husimama kando ya barabara wakaipiga picha. Mimi nilifikia mahali pa kuichukia rangi ya kijani. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yangu niliijua ilikofungwa.

Siku moja, kwa uchovu tu, niliacha kufoka nikauliza. Nilimwuliza msichana wa dawati la pili, mmoja wa wale wanaobishana hata na kengele. Umetoa mbili, kwa nini hii tatu iliyobaki hukuigusa?

"Teacher, hizo ni mitungi imejaa," akasema. "Ni ya kupeleka dairy. Huwezi fungua."

"Na hii nukta tatu saba?"

"Hiyo ni ya chai ya nyumbani. Hiyo haitoki kwa mtungi. Inabaki tu."

Wenzake waliitikia kwa vichwa, wakinitazama kwa huruma kidogo. Nikaketi. Kwao maziwa hugawanywa palepale kwa ng'ombe: mtungi unajazwa, unafunikwa, unangoja gari la kiwanda cha maziwa, na kile ambacho hakikujaza mtungi kinabaki kwenye sufuria ya nyumbani. Kilichojaa hakifunguliwi. Mimi nilikulia kwenye samaki, na tangu nifike Boito maziwa yangu nilinunua kwa paketi. Ningejuaje?

Kesho yake nilibeba mitungi mitano ya lita moja moja, imejaa maji, na jagi la kupimia. Niliwaambia leo barabara imeharibika, gari la dairy halikuja, na maziwa yote ni yenu, fungueni. Walicheka, wakasukumana kuja mbele. Tulitoa maji lita mbili nukta tatu saba, tukayamwaga dirishani. Nikaandika ubaoni tano nukta sifuri sifuri, na yule msichana akainua mkono kabla sijashusha chaki.

"Teacher, ulisema hizo sifuri haziongezi kitu. Sasa kama hazina kitu, tunakopa aje kwao?"

Miaka yote nilikuwa nikiimba "kopa kwa jirani" nilivyoimbiwa mimi, wala sikuwahi kujiuliza jirani huyo ana nini. Nilimwambia hatukopi kwa sifuri. Tunafungua lita moja. Ukiifungua inakuwa vipande kumi. Kimoja katika hivyo kumi ukikifungua nacho kinakuwa vipande kumi vidogo. Akainama juu ya daftari, ulimi nje. Nne nzima, tisa, kumi. Akapata mbili nukta sita tatu, akaja kupima maji yaliyobaki kwa jagi, mwenyewe, bila kutumwa.

"Ni hiyo tu," akawaambia wenzake.

Wiki iliyofuata darasa zima lilikuwa limeshika. Nilianza kukunja nguo. Nilimwambia mama amwambie mtoto kwamba ninakuja.

Mwalimu mkuu alikuja kushuhudia, akaketi nyuma kwenye benchi la watoto, magoti yakimfika kifuani. Nikawapa nne kutoa moja nukta nane tano na mikono ikajaa hewani. Akainuka yeye mwenyewe, akachukua chaki, akaandika kumi kutoa sifuri nukta sifuri sita, ile inayowazamisha hata wakubwa. Msichana wangu akaenda, akaandika tisa nukta tisa nne, kisha akamweleza mkuu wa shule, kwa subira, jinsi mtungi unavyofunguliwa. Mzee alivua miwani akaifuta. Nilijivuna, nakubali.

Ofisini barua yangu ya kuachiliwa ilikuwa mezani na kalamu ilikuwa mkononi mwake. Akaongea kuhusu madarasa yasiyo na walimu, na walimu wa hesabu waliopita hapo kama mvua ya kupita.

"Madam, mimi nimejionea leo. Wazazi wakisikia nimeachilia mwalimu kama huyu, nitawaambia nini?"

"Ulisema wakijua utatia sahihi."

"Nilisema. Sikujua utaweza."

"Na wasingejua?"

"Basi ningekuachilia aje na kazi nusu?" Alicheka kidogo kwa aibu, akaifunika kalamu. "Tungoje, madam. Tutaona mwaka ukiisha."

Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningepata mahali pa kuiweka hasira. Nilirudi darasani nimeamua kuanzia saa hiyo nifundishe ovyo, niandike upuuzi ubaoni hadi wanifukuze. Watoto walikuwa wamesimama, wameshafuta ubao, wakaniomba niwape nyingine ngumu zaidi. Nikawapa.

Mwenzangu wa Kiptere alingoja kadiri alivyoweza. Jumapili moja akapiga, sauti iko chini. "Madam, usinichukie. Nimepata mwingine wa kubadilishana naye, wa Siongiroi. Bibi yangu ako peke yake na shamba na watoto." Nilimwambia aende salama. Ningekuwa yeye, ningefanya hivyohivyo.

Jioni hiyo nilimpigia mama. Akampa mtoto simu. Nilimsikia akihema kwenye simu, nikamwita, nikamwambia si leo, lakini nitakuja. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitoa simu sikioni, akamgeukia nyanya yake.

"Mama," akamwambia, "ni mwalimu."

Mama yangu aliichukua simu haraka, akaniuliza kama huku baridi imepungua. Nikamwambia imepungua.