Niliomba feza, nimeletewa feza, na nimelia

Jamani, munisaidie, leo mi mwenyewe sijielewi.

Wote munanijua. Miaka yote nasema zahabu ni ya wamama, mi nataka feza tu. Hata Yusufu, mchumba wangu, nilimuambia mapema.

Basi leo shangazi yake ametoka Kibenga kuniletea pete na bangili, hapa kwetu Cibitoke.

Kwetu bibi arusi hafungui kisanduku. Kinapita kwanza kwa wamama, kila mumoja anatazama, anapiga vigelegele, anamupa mwenzake.

Mama mukubwa akafungua, akatazama, akafunga.

Akamupa mama, mama akamupa mwenzake.

Mpaka kikanifikia, hakuna hata kigelegele kimoja.

Feza tupu. Nzuri, wallahi! Ile ile niliyomuonyesha Yusufu kwenye simu.

Mama mukubwa akauliza polepole: « Na zahabu iko njiani? »

Shangazi akajibu: « Apana. Yusufu alituambia bibi arusi hapendi zahabu. Na yeye ni mwanaume wa Kiislamu, havai zahabu, akasema bora wafanane. »

Hapo nikalia. Si kwa furaha, musidanganyike. Nilitaka zahabu! Mi huyu! Tangu lini?

Wamama wakadhani nimetukanwa, wakaanza kunikumbatia.

Sasa Yusufu ameniandikia: « Umependa? »

Nimujibu nini, jamani? Nyumba nzima imemukasirikia, na ndiye mutu wa kwanza kunisikiliza.