Chupa Chini ya Kitanda cha Mjukuu

Zamani nilikuwaga nauza mikate kwa baiskeli. Alfajiri natoka Temeke nashuka Kurasini, wapakuzi wa mizigo wananisubiri na chai yao ya rangi. Mikate yenyewe ilikuwa migumu, ila hiyo habari nyingine. Ninachotaka kusema ni tairi la nyuma. Lilikuwa limechoka, na kila likipata pancha nakokota baiskeli mpaka kwa fundi mmoja, mtu wa kusini, aliyekaa njiani na beseni lake la maji. Anatoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kidogo kidogo. Pakitoka mapovu, tundu ni hapo.

“We Mzaramo,” ananiambia, “mikate yako ingekuwa laini ningezibia.”

“Na wewe ungekuwa fundi, nisingekuwa hapa kila siku.”

Tukawa watani hivyo, kisha marafiki, tukazeeka. Mikate niliacha, yeye pancha hakuacha. Alikuwa na kazi nyingine pia, aliyorithi kwa baba yake: kukata vimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa koo. Kwetu mtoto akikohoa sana watu hawaulizi mara mbili, wanasema kimeo kimerefuka, kinamtekenya. Mie mwenyewe alinikata, na wanangu wote akawakata. Walipona. Labda wangepona hata asingewagusa, siwezi kujua.

Basi akaja mjukuu wangu huyu wa kike, wa mwanangu wa mwisho. Toka anatambaa, kifua. Anapewa dawa, anapata nafuu, homa inarudi. Akicheza kidogo mbavu zinaingia ndani kama anavuta kitu kizito. Nikamwita rafiki yangu. Akaja na kijimkoba chake, tukamshika mtoto, akakata. Akatuonyesha kile kinyama kwenye pamba. “Hiki hapa adui yenu,” akasema. Tukashukuru.

Mtoto akaendelea kukohoa.

Rafiki yangu akarudi, akamchungulia koo, akasema kimeota tena. Mkwe wangu, mama wa mtoto, mpole yule, hajawahi kunipandishia sauti, akambeba mwanawe akasimama mlangoni.

“Baba, nisamehe. Leo hakati mtu. Mie naenda hospitali, kumpiga picha ya kifua.”

“Nenda, mwanangu,” nikasema. Rafiki yangu akafunga kijimkoba, akacheka kidogo. Hakukasirika, au mie sikuona.

Picha ilionyesha pafu la kushoto, sehemu ya chini, limejaa vifuko vifuko. Daktari alikuwa binti mdogo. Akaniamkia kwanza ndipo akaeleza. Mtoto kazaliwa nalo hilo, halikuumbika sawasawa tangu tumboni, uchafu unajikusanya humo na ndiyo maana ugonjwa haukomi. Dawa yake ni kupasua na kukitoa kipande hicho.

“Sasa mwanangu, mtu akikatwa pafu atapumulia nini?”

“Babu, hatutoi lote. Na yeye bado mdogo, lililobaki litakua lijaze nafasi.”

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi la nje, sikumbuki hata nilikula nini. Niliogopa tutarudi naye amefunikwa shuka. Walipotuita wodini nikamkuta kalala, mpira umetoka ubavuni mwake umeshuka mpaka kwenye chupa ya maji chini ya kitanda. Anapumua, maji yanapanda yanashuka. Akikohoa yanatoa mapovu. Nesi akasema upepo bado unavuja pale alipokatwa. Mapovu yakikoma, pameziba.

Hapo sasa nikaelewa! Nikawa nakuja kila saa ya kuona wagonjwa, namsalimia mtoto, nainama chini ya kitanda. Mkwe wangu anacheka: “Baba, unaangalia chupa kuliko mjukuu.” Mpaka siku moja akakohoa kwa nguvu na maji yakacheza tu, bila povu hata moja. Nikamwita nesi kwa sauti mpaka wodi nzima ikageuka.

Tuliporudi nyumbani, rafiki yangu akaja kutupa pole, na papai. Nikamsimulia yote, hasa ile chupa, nikijua atafurahi. “Kama beseni lako,” nikamwambia. “Vilevile!”

Mtoto akapita mbio anamkimbiza kuku, kifua wazi kwa joto. Rafiki yangu akamwita, akamgeuza taratibu, akaliangalia kovu lile linalozunguka ubavu. Kidole chake kikalifuata bila kuligusa.

“Kumbe lilikuwa huku,” akasema.

“Huku,” nikasema.

“Na mie nimekata wangapi, mtani?”

Mtoto akachomoka, akarudi kwa kuku wake, akikimbia bila kukohoa. Rafiki yangu akamtazama mpaka akapotea nyuma ya nyumba. Kisha akanyanyuka, akakamata baiskeli yake, hakuipanda, akaikokota kuelekea barabarani. Nilidhani anawahi swala. Kijimkoba chake alikiacha pale kwenye mkeka, na mpaka leo hajaja kukichukua.