Kadi ya Nyumba ya Mshairi

Siku hizi nikimwona Mama Doto sokoni Mkuyuni napita njia nyingine, tena ndefu, kwa aibu tu, na leo acheni niseme maana miguu imechoka kuzunguka.

Niliikuta kadi ya posta ya zamani ndani ya kitabu cha mtumba, picha ya nyumba ndogo ya matofali chini ya jiwe kubwa, na nyuma yake mtu ameandika kwamba hapa Mkuyuni ndipo mshairi wetu mashuhuri alipopanga chumba akiwa mwanafunzi. Sasa sisi watu wa Mwanza ukituonyesha picha ya nyumba hatuangalii mlango, tunaangalia jiwe, na mimi (mwalimu mstaafu, mjuaji wa mtaa mzima) nililitazama mara moja nikasema hili ni la kwa Mama Doto.

Mama Doto ni mjane, na nyumba yake inavuja. Alikuwa ameshaita mafundi waibomoe ajenge nyingine kabla ya mvua, nami nikaenda kumwambia aache kabisa, ile ni historia. Alisita, lakini nilimfundishia watoto wake wote, basi akawaambia mafundi waende zao. Nikamwandikia mwenyekiti wa mtaa, kwaya ikaanza mazoezi ya sherehe ya kuitambulisha nyumba, nikamwalika dada wa yule mshairi, bibi mmoja anayeishi Buswelu. Mvua ikatuwahi. Mama Doto akawa anakinga ndoo sebuleni, akinisubiri mimi na historia yangu.

Siku ikafika, bibi akashuka kwenye gari, tukampa shikamoo zake, akaishika kadi, akalitazama jiwe, kisha akaomba kwaya inyamaze kwanza.

“Siyo hapa, mwanangu,” akaniambia. “Mimi ndiye nilikuwa namletea kaka chakula. Jiwe letu lilikuwa na ufa katikati, na kisima cha misheni kilikuwa hapo hapo nyuma.”

Watu wote wakanigeukia, kwa sababu kisima cha misheni kiko nyuma ya jiko langu. Kiwanja kile nilikinunua nikiwa kijana, kikiwa na kijumba kikuukuu ambacho nilikibomoa mwenyewe kwa nyundo, Jumamosi mbili tu, na jiwe lake nikawaita wapasua kokoto walipasue, na kokoto hiyo ndiyo iliyomwagwa kwenye msingi wa nyumba ninayolala mpaka leo.

Hakuna aliyecheka (afadhali wangecheka). Mama Doto akasema polepole, “Kwa hiyo mwalimu, mimi nimelowa bure.”

Nimeapa sitamshauri tena mtu yeyote kuhusu nyumba yake. Mvua zilipokatika nikasikia mafundi wamerudi kwake, nikachukua nyundo yangu nikaenda kusaidia kubomoa, angalau nipunguze deni la aibu. Mama Doto alinipokea vizuri, akanipa kiti na chai, halafu akainyanyua ile nyundo akaiweka mbali nami.

“Wewe pumzika tu, mwalimu,” akasema. “Umeshabomoa ya kutosha.”